Kishikwambi Kilichokataa Sifuri

Tii-tii.

Mara mbili, fupi fupi, kama kifaranga kinachominywa. Naisikiaga hata sasa nikiwa naosha vyombo, wala hakuna kifaa chochote karibu. Ilikuwa sauti ya kishikwambi kikikataa. Ukiandika namba kinayoipenda, kinanyamaza, ukurasa unasogea mbele. Ukiandika kisiyoitaka, tii-tii, na chini yake maandishi mekundu: kiasi hakikubaliki, rudia. Nikarudia. Niliandika sifuri tena, safari hii taratibu, nikabonyeza kwa adabu, kana kwamba shida ilikuwa malezi yangu.

Tii-tii.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye shamba la mtama, upande wa Butiama, jua la saa saba limenikalia utosini. Mbele yangu kulikuwa na kamba iliyozungushwa kwenye vijiti vinne ikafanya mraba. Ndani ya mraba hapakuwa na kitu. Udongo uliopasuka, mabua mawili yaliyokauka kabla ya kutoa masuke, na sisimizi waliokuwa wakipita zao. Kazi yangu ilikuwa kuvuna kila kilichomo ndani ya kamba, kupura, kupima, kuandika. Nimevuna hakuna, nimepima hakuna. Hakuna, kwa namba, ni sifuri. Mtoto wa darasa la pili anajua hilo. Kile kidude kilicholetwa na gari kutoka mjini hakikujua.

Hebu nirudi nyuma kidogo, maana hasira ikitangulia mno watu hawaelewi unasema nini.

Mimi nimesoma shule ya kata. Fizikia tulikuwa na mwalimu kwa muhula mmoja, akahamishwa, akabaki kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, hakina jalada, tunapokezana kama mtungi wa maji. Lakini nililipenda lile somo, jamani. Wenzangu walipenda kwaya, mimi nilipenda kujua kwa nini sufuria inaimba kabla maji hayajachemka. Matokeo yalipotoka, fizikia nilipata F. Nilikuwa kama mtu aliyekataliwa posa ila bado anapita njia ile ile kila jioni, anapiga na mluzi. Nikawa namsaidia mama shambani na sokoni, na kichwani nikawa mwanafizikia kimya kimya.

Ndipo ukaja mradi wa kupima mavuno. Walitaka vijana wa hapa hapa waliomaliza kidato cha nne, wanaojua njia na lugha za nyumbani. Tukaitwa Musoma kwa mafunzo ya siku tatu, kwenye ukumbi ulio karibu na ziwa, upepo ukipiga bati mpaka mtu anasema jambo moja mara mbili. Aliyetufundisha alikuwa kijana mwenye shahada ya takwimu, shati limechomekewa, sauti ya upole. Sisi tulimwita mtaalamu.

"Mkiingia shambani, macho yenu yatawadanganya," alituambia. "Jicho la binadamu linapenda kizuri. Kwa hiyo ninyi hamchagui. Namba ndiyo inachagua."

Akatugawia karatasi zenye namba zisizo na mpangilio wowote. Unasimama kwenye kona ya shamba, unatembea hatua kwa namba ya kwanza, unakata kona, unatembea kwa namba ya pili. Mguu unapoishia, hapo hapo unachomeka kijiti na kuweka mraba wako. Hata kama ni juu ya kichuguu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa ikiangukia pabaya, si tutakuwa tumemwonea mwenye shamba?"

Ukumbi ukacheka. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Huyu akifika atawapikia na uji kabisa!"

Mtaalamu yeye hakucheka. Alisema, "Swali zuri. Chukua tairi la bodaboda. Ndani kuna chembe za hewa, nyingi kuliko utakavyoweza kuhesabu maisha yako yote. Kila moja inakwenda inakotaka. Nyingine ina kasi, nyingine inajikokota, zinagongana kama ng'ombe mnadani. Hakuna anayeziamuru. Lakini ukibonyeza tairi, gumu. Kesho ukibonyeza, gumu vile vile. Hesabu wanayotumia wanafizikia kwenye hewa na hii yetu ya mashamba ni mtu na ndugu yake. Huyu utampima chini kidogo, yule juu kidogo, makosa yanafutana. Kinachobaki ni wastani, na wastani hauonei mtu."

Nilitoka mle ndani kama niliyelewa. Fujo ya wengi inazaa kitu kinachotulia! Mbona kitabu kile kisicho na jalada hakikuniambia hivyo? Nilishuka barabarani nikawa naangalia kila tairi linalopita. Dereva mmoja aliyekuwa amesimama akisubiri abiria nilimwinamia tairi la mbele nikalibonyeza kwa dole gumba.

"Dada, unapanda au unakagua?" akaniuliza.

"Naisalimia hewa."

"Isalimie ukiwa umepanda."

Nilicheka mpaka nyumbani. Nilidhani nimepewa siri ya dunia.

Sasa hiyo siri ilikuwa na kazi, na kazi yenyewe kila mtu aliijua. Mwaka ule mvua ilianza vizuri ikatukimbia katikati, mtama ukiwa ndiyo unatoa maua. Kijiji ambacho wastani wa mavuno yake utaanguka chini ya mstari uliowekwa kingegawiwa mbegu za msimu unaofuata. Kitakachokuwa juu ya mstari, kijitegemee. Kwa hiyo kamba yangu na vile vijiti vinne havikuwa mchezo. Watu wangepanda au wasingepanda kulingana na nitakachoandika.

Na hivyo ndivyo nilivyojikuta kwenye lile shamba, nimepiga magoti.

Shamba lilikuwa la mama mmoja mjane, umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye maneno. Namba zangu zilisema hatua thelathini na saba, kisha kumi na tisa. Yeye alinifuata nyuma akihesabu pamoja nami, na tulipofika akasema, "Ee, namba zako nazo! Pazuri pote pale zimeparuka." Pazuri penyewe palikuwa vimabua vya magotini. Nilifunga kamba, nikaandika sifuri, kikalia. Nikampigia simu msimamizi wetu, aliyekuwa na ofisi Bunda.

"Bosi, kinakataa sifuri."

"Andika namba."

"Sifuri ni namba."

Akacheka. "Dada yangu, kuna kiwango cha chini kimewekwa humo. Watu walikuwa wanakaa nyumbani kwao wanajaza sifuri sifuri, eti wamepima. Weka kitu, kitapita."

"Kitu gani wakati hakuna kitu?"

"Si uko shambani? Shamba halikosi kitu. Mimi naendesha, niko Nyamuswa hapa, usije ukaniua."

Akakata. Nilipogeuka, yule mama hakuwepo. Baada ya muda nikamwona anarudi kutoka nyumbani kwake, ameshika masuke matatu ya mtama yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Bila kuniuliza akafungua mfuko wangu wa kupimia, akayatumbukiza.

"Mama, hapana. Hii ni kazi."

"Na mimi nimesema ni harusi? Mgeni hatoki kwangu na mfuko umesinyaa. Unataka wanicheke?"

"Lakini mama..."

"Pokea, mwanangu. Au kwenu mnakataaga?"

Kwetu hatukatai. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na mgeni haondoki hivi hivi, hata kama kilichopo ni yai moja au viazi viwili. Kukataa ni kumwambia mtu mbele ya macho yake kwamba umeuona umaskini wake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofunzwa.

Akaniangalia, akaangalia kishikwambi. "Si ndicho kilikuwa kinataka kitu? Kipe hicho basi."

Nikapura. Nikatundika mfuko kwenye mizani. Nikaandika kilichosomeka. Kimya. Ukurasa ukasogea. Na sisi wawili, Mungu atusamehe, tukapiga makofi tukacheka, kama watu waliomtuliza mtoto mwenye homa.

Nilipima mashamba mengine katika kijiji kile, na kijiji kile ndicho changu. Kumi na moja mraba ulikuwa mtupu. Kumi na moja yote mfuko haukuwa mtupu. Mwingine alitia konzi moja, mwingine kibakuli, mzee mmoja alikimbia kwa jirani kuazima ili asiaibike. Sikuwaomba. Mwanzoni nilijaribu kuweka zawadi pembeni, kishikwambi kikalia, nikachoka, nikaacha. Tena nilikuwa na maneno ya kujifariji. Makosa yanafutana. Mtaalamu kasema. Nilitembea kwenye jua na mfuko begani nikiimba.

Miezi ilipita. Siku moja karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata: majina ya vijiji upande mmoja, wastani upande wa pili, na upande wa tatu neno moja, *atapewa* au *hatapewa*. Hata kusema "kitapewa" walishindwa. Kijiji chetu kilikuwa juu ya mstari. Kidogo tu, kama mtu aliyesimama kwa vidole. *Hatapewa.*

Kabla sijajua nifanye nini, nilikutana na yule mama kisimani.

"Mpimaji wangu!" akaniita kwa furaha. "Ile mbegu inakuja lini? Maana mimi nilikulishia kabisa ile mashine yako, isije ikasema sikupimwa."

Nikasema haiji. Nikasema kijiji kimehesabiwa kina mtama.

Akaweka ndoo chini. "Mtama gani?"

Nikaikazia macho ndoo yake.

"Yale masuke yalikuwa ya juu ya jiko," akasema polepole, bila kunilaumu, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. "Yale ndiyo niliyokuwa nimeyaweka moshini yasiliwe na dumuzi. Nilisema moyoni, nikimpa huyu, serikali itanirudishia gunia."

Yalikuwa mbegu. Nilipima mbegu nikaandika mavuno. Na si hivyo tu. Nyumbani tuliusaga ule mtama, tukala ugali, mama yangu akausifu kwa kunukia moshi.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na haijaisha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa napiga hesabu ambayo ningeipiga tangu Musoma kama ningekuwa na akili. Makosa yanafutana, sawa. Lakini yanafutana lini? Yakiwa mengine yanavuta juu na mengine yanavuta chini. Chembe za hewa zinatulia kwenye tairi kwa sababu kila moja ina njia yake. Siku chembe zote zikiamua kwenda upande mmoja, hilo tairi litang'oka lenyewe liende Bunda bila pikipiki! Sasa mimi nilipita nyumba kwa nyumba na mfuko, na hakuna hata mtu mmoja aliyechomoa kitu mfukoni mwangu. Wote walitia. Kila kosa lilisukuma juu. Ningepima mashamba elfu, wema wa elfu ungejumlishana, na wastani ungezidi kutulia pale pale kwenye uongo. Hesabu haikuwa na kosa. Ilijengwa kwa ajili ya watu wasio na aibu wala adabu, kisha ikaletwa kwetu bila mtu kuuliza kwenu mgeni anaondokaje.

Na kile kizuizi cha sifuri! Aliyekiweka alimwogopa mpimaji mvivu. Njaa haikumjia akilini.

Nilipanda basi mpaka Bunda. Msimamizi nilimkuta kwenye mgahawa karibu na stendi, anakula sato wa kukaanga.

"Karibu, karibu, mpimaji wangu bora," akaniambia, akanisogezea kiti.

"Bosi, namba za kijiji chetu si za kweli. Kumi na moja ni sifuri."

"Uliandika sifuri?"

"Kilikataa. Nilikupigia ukasema niweke kitu."

"Nilisema uweke kitu kilichopo. Sikusema uchangishe kijiji." Akanyonya mwiba. "Wewe ndiye uliyeandika, mimi sijashika mizani."

"Basi zifungueni turekebishe."

"Data imeshafungwa, dada. Imechakatwa, imepanda juu, huko haishuki. Ukianza kufungua kijiji kimoja, vyote vitalia." Akaniona machozi, akalainika. Alikuwa na roho nzuri kwa namna yake, na hilo nalo liliniudhi. "Usijiumize. Mwakani tutakuita tena. Fomu zako ndizo pekee zilizokuja bila kosa hata moja."

Bila kosa! Niliondoka sijanywa hata soda aliyoniagizia. Ndiyo, niliiacha. Hiyo ni dharau kubwa, na niliikusudia.

Nikabaki na mtaalamu. Namba yake alitupatia kwenye mafunzo, akasema tukikwama tumpigie. Nikampigia nikiwa stendi, wapiga debe wakipiga kelele za Mwanza na Musoma huku na huku, nikamweleza yote: mraba, masuke, mfuko, mila.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imechangamka, "Umeligundua mwenyewe? Bila mtu kukuambia? Hilo tunaliita upendeleo wa kipimo. Lipo vitabuni, mwanzoni kabisa. Haliondoki hata uongeze sampuli kiasi gani."

"Kumbe lina jina."

"Lina jina! Na huo mfano wako wa mfuko, sijawahi kusikia mzuri kama huo. Nitautumia kufundishia."

Mfano. Mama wa watu katoa mbegu yake ya mwisho, kawa mfano. Nikamuuliza, "Na mbegu?"

"Hiyo sasa ni upande wa utawala," akasema. "Mimi nipo upande wa hesabu."

Nitasema ukweli: sehemu yangu ndogo ilifurahi. Nilikuwa nimegundua kitu kilichoandikwa kwenye vitabu, mimi wa F. Zamani ningecheka njia nzima. Siku ile furaha yenyewe iliniongezea hasira, nikaitemea mate pale stendi, kweli kabisa, mpaka mama mmoja wa maandazi akaniuliza kama nina mimba.

Mama yangu nilipomweleza hakusema mengi. Alipanda kwenye kichanja chake, akajaza bakuli la mbegu, akalifunga kwa kitenge. "Peleka. Tulikula chake." Nikapeleka. Yule mjane akapokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka nikaona haya, akaingia ndani. Nikajua. Nikaanza kusema, "Mama, naomba leo..." Akatoka na bakuli, na ndani ya bakuli mayai manne.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nani aliyekulea?"

Niliyabeba. Ningefanyaje? Lakini njiani niliyahesabu yale mayai nikaona kwamba bakuli moja ni la nyumba moja. Mwenye konzi bado yupo. Mwenye kibakuli yupo. Mzee aliyekopa kwa jirani sasa ana deni la mtama ambao haukuota. Karatasi bado iko ubaoni, na kila anayepita anaisoma anaamini kwamba kijiji chetu kilivuna na kimekula kwa ulafi. Nilishawasikia watu wa kijiji cha pili wakisema hivyo, kwa kicheko: "Nyie mna mtama, mnaficha."

Jumapili, watu wakiwa misani, nilikwenda ofisi ya kata. Ilikuwa imefungwa, mbuzi wawili wamelala kwenye baraza. Nilijaribu kuandika karatasi ikiwa ubaoni, kalamu ikagoma baada ya herufi tatu. Ukiishika kwa kuinua ncha juu, wino unarudi nyuma. Basi nikang'oa pini nne, nikakaa kwenye ngazi, nikaiweka karatasi juu ya goti. Pembeni ya jina la kijiji chetu nikaandika kwa herufi za shule, kubwa, zilizosimama: *Mashamba kumi na moja ya hapa yalikuwa sifuri. Mtama uliopimwa ulitoka jikoni, watu walimpa mgeni. Mgeni huyo ni mimi.* Chini yake nikaweka namba yangu ya simu, yote, nikaisoma tena kuhakikisha sijakosea hata tarakimu. Nikairudisha ubaoni, nikazibonyeza zile pini moja moja kwa dole gumba mpaka zikazama.